Kabla Bendera Haijabadilishwa: Maisha ya Kila Siku Rhodesia ya Kaskazini

Wasomaji wa historia ya Zambia huuliza swali moja mara kwa mara: wanasiasa walipokuwa wakivutana London na Lusaka kuhusu katiba, mtu wa kawaida aliishi vipi? Alinunua wapi nyama yake, alilipwaje, alistarehe wapi jioni, na je, aliona kwamba utawala wa Waingereza unafikia mwisho?

Tarehe rasmi ya uhuru ni 24 Oktoba 1964. Siku hiyo Rhodesia ya Kaskazini iliacha jina lake la kikoloni na kuwa Zambia. Lakini ukifuatilia maisha ya sokoni, mgodini, nyumbani na kijijini kwa miaka 15 iliyotangulia, utaona kwamba uhuru uliingia kwa vipande. Katika baadhi ya mambo ulitangulia bendera kwa miaka kadhaa. Katika mengine, bendera ilipanda na maisha yakabaki yalivyokuwa.

Nchi na watu wake

Mpaka mwaka 1924 eneo hili lilitawaliwa na kampuni ya biashara, British South Africa Company, iliyoanzishwa na Cecil Rhodes. Mwaka huo serikali ya Uingereza ililichukua na kulitawala kama eneo lindwa, yaani nchi ambayo wenyeji wake waliahidiwa ulinzi wa Mfalme wa Uingereza bila kuwa raia kamili wa Uingereza. Haki za madini, hata hivyo, zilibaki mikononi mwa kampuni, na kila tani ya shaba iliyochimbwa iliiletea mrabaha.

Mwaka 1953 Rhodesia ya Kaskazini iliunganishwa na Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) na Nyasaland (Malawi ya leo) katika Shirikisho lililotawaliwa kutoka Salisbury, mji unaoitwa sasa Harare. Waafrika wengi walilipinga tangu mwanzo. Waliona mambo mawili waziwazi: kwamba fedha za shaba yao zingejenga kusini, na kwamba walowezi wa kusini, waliozoea kuwanyima Waafrika ardhi na kura, wangepata sauti katika mambo yao.

Sensa ya mwaka 1963 ilionyesha nchi ina watu wapatao milioni 3.4. Wazungu walikuwa zaidi kidogo ya 70,000, wengi wao wakiishi kandokando ya reli iliyotoka Livingstone, ikapita Lusaka na Broken Hill (sasa Kabwe), hadi miji ya migodi ya Ukanda wa Shaba: Luanshya, Kitwe, Mufulira na Chingola.

Kidirisha cha bucha

Mtu anayetaka kuelewa ubaguzi wa rangi katika koloni hili asianze na sheria. Aanze na bucha. Katika miji mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kwenye duka la nyama la Mzungu. Alizunguka nyuma au ubavuni, akapanga foleni mbele ya kidirisha kilichotobolewa ukutani, akatoa pesa yake na kupokea kifurushi kilichokwisha kufungwa. Hakuchagua kipande cha nyama, wala hakuona kikipimwa. Akifika nyumbani na kukuta mifupa na mafuta matupu, hakuwa na wa kumlalamikia. Maduka mengine nayo yalikuwa na vidirisha, na posta kulikuwa na milango tofauti.

Hakuna sheria iliyomlazimisha mwenye bucha kutoboa kidirisha. Ilikuwa desturi, na hapo ndipo ugumu wake ulipokuwa, kwa sababu desturi haina kifungu cha kupeleka mahakamani. Waliokuwa wakiumia zaidi walikuwa wanawake, maana ndio waliokwenda kununua kitoweo, mara nyingi na mtoto mgongoni, na kusimama juani kwa muda mrefu.

Chama cha African National Congress, kilichoongozwa na Harry Nkumbula, kikalishika jambo hilo. Mwaka 1954 kiliandaa mgomo wa wanunuzi dhidi ya mabucha ya Lusaka, nao ukaenea katika miji mingine. Watu walikaa bila nyama, wakala mboga, maharage na samaki wakavu. Mwenye duka alizoea kumdharau mteja mmoja mmoja, lakini hakuweza kuvumilia kukosa wateja wote kwa pamoja. Baadhi ya maduka yakabadilisha utaratibu. Kenneth Kaunda, aliyekuwa katibu mkuu wa chama, aliacha kabisa kula nyama katika miaka hiyo kwa sababu ya jinsi Waafrika wenzake walivyotendewa kwenye mabucha, na hakuirudia hata alipokuwa Rais. Januari 1955 yeye na Nkumbula walifungwa kwa kupatikana na maandishi yaliyopigwa marufuku, wakatumikia miezi miwili.

Kufikia mwaka 1960 serikali ilikuwa imeanza kutunga sheria za kufungua hoteli, mikahawa na sinema kwa watu wa rangi zote. Mtu aliyeingia kwa mlango wa mbele na kununua nusu ratili ya nyama akiiona ikikatwa alikuwa ameonja sehemu ya uhuru, miaka kadhaa kabla ya kuwa na haki ya kupiga kura.

Nyuma ya kidirisha kulikuwa na karatasi. Mwanamume Mwafrika mjini alitegemewa kuwa tayari kuonyesha polisi:

- chitupa, yaani cheti cha utambulisho kilichoandikwa jina, kijiji, chifu na waajiri wake, kinachofanana na kipande walichobebeshwa Waafrika wa Kenya;
- risiti ya kodi ya kichwa;
- kibali cha kutembea usiku nje ya mtaa wa Waafrika;
- kibali cha mgeni, kama alikuja kumtembelea ndugu na kukaa zaidi ya muda uliowekwa.

Kwa ufupi: ubaguzi ulikuwa mchanganyiko wa desturi za wenye maduka na karatasi za serikali. Desturi zilianza kulegea baada ya kugomewa dukani. Karatasi zilidumu zaidi.

Mgodini

Migodi mikubwa ya shaba ilianza kuchangamka mwishoni mwa miaka ya 1920. Iligawanywa kati ya makampuni mawili, Anglo American na Rhodesian Selection Trust, na ndiyo iliyowavuta vijana kutoka kila pembe ya nchi na nje yake. Wanyakyusa na watu wengine wa kusini-magharibi mwa Tanganyika walivuka mpaka kuelekea huko, wakaishi nyumba kwa nyumba na Wabemba, Walozi, Wangoni na watu wa Nyasaland.

Mfanyakazi alipewa nyumba na kampuni katika mtaa wa mgodi uliojulikana kama kompaundi: nyumba ndogo za matofali zilizopangwa kwa mistari, bomba la maji la jumuiya na taa za barabarani. Kwa miaka mingi sehemu ya malipo yake ilikuwa posho. Kila wiki familia ilipeleka tiketi ghalani na kupimiwa unga wa mahindi, maharage, nyama, karanga na chumvi. Katika miaka ya 1950 posho iliondolewa hatua kwa hatua na badala yake mshahara wote ukalipwa kwa fedha. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini liligusa kila jiko. Mke wa mchimbaji aliyekuwa akipokea chakula kilichoamuliwa na kampuni sasa alikwenda sokoni na pesa, akachagua mwenyewe, na wakati mwingine akalazimika kugombana na mume aliyeupitisha mshahara kilabuni kwanza.

Kazi zenyewe zilipangwa kwa rangi. Chama cha wafanyakazi Wazungu, kilichoanzishwa mwaka 1936, kilihakikisha kwamba kazi za ufundi zinabaki kwa wanachama wake. Mwafrika aliyefanya kazi chini ya ardhi kwa miaka 15 aliweza kumfundisha Mzungu mgeni jinsi ya kutega baruti salama, kisha akamtazama akiwa bosi wake kwa mshahara uliopita wake mara nyingi. Hakuna hotuba ya kisiasa iliyoeleza ukoloni waziwazi kuliko zamu moja chini ya ardhi.

Wachimbaji waligoma mwaka 1935 na tena mwaka 1940. Mara zote mbili askari walifyatua risasi: watu 6 waliuawa Luanshya mwaka 1935, na 17 kwenye mgodi wa Nkana, Kitwe, mwaka 1940. Mwaka 1949 Waafrika walipata chama chao wenyewe, kikiongozwa na Lawrence Katilungu. Januari 1955 wanachama wake waliacha kazi kwa siku 58 wakidai nyongeza. Familia nyingi zilinusurika kwa bustani za mboga, kwa akiba, na kwa msaada wa ndugu walioleta chakula kutoka vijijini. Baadaye mwaka huo makampuni na vyama vilikubaliana kuwafungulia Waafrika kazi 24 zilizokuwa za Wazungu peke yao. Idadi hiyo ni ndogo, na wachimbaji waliliona hilo, lakini ukuta ulikuwa umepata ufa.

Wanawake wa mjini

Machifu na maofisa wa serikali hawakupenda kuona mwanamke peke yake mjini. Mahakama za mjini zilidai vyeti vya ndoa, na mwanamke asiye na mume wa kuonyesha aliweza kurudishwa kijijini. Hata hivyo wanawake waliendelea kuja. Walikuja kufuata waume, kukimbia ndoa wasizozitaka, au kutafuta pesa.

Pesa ilipatikana kwa kushona nguo, kuuza mboga na samaki, na hasa kwa kupika pombe. Hapa waligongana na manispaa moja kwa moja. Serikali za miji zilijipa haki ya peke yake ya kuuza pombe ya kienyeji katika vilabu vikubwa vya umma, na faida yake ikalipia zahanati, viwanja vya mpira na kumbi za ustawi wa jamii. Mwanamke aliyepika kachasu, pombe kali ya kukenekwa, nyuma ya nyumba yake alikuwa mhalifu. Polisi walipiga mateke mapipa na kumwaga pombe vichochoroni, na wiki iliyofuata ikapikwa nyingine. Ilikuwa ada ya shule ya mtoto wake iliyokuwa ikimwagwa, na si ajabu kwamba wanawake hawa walikuwa miongoni mwa wafuasi thabiti zaidi wa vyama vya siasa.

Machi 1960, Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipofika Lusaka, kundi la wanawake lililoongozwa na Julia Chikamoneka lilimpokea wakiwa vifua wazi na kulia kwa sauti. Kwa mama wa Kiafrika kujivua nguo mbele ya mwana wa mtu ni laana na ni mwisho wa maneno. Kila Mwafrika aliyekuwapo alielewa ujumbe huo.

Ngoma, sinema na redio ya sufuria

Jumapili kompaundi zilijaa ngoma. Iliyojulikana sana katika miaka ya 1950 ilikuwa kalela, na msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuitazama kwa makini. Asili yake ni mbeni (beni), ngoma ya mabendi yenye vyeo vya kijeshi, iliyoanzia pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19. Beni la Lamu na Mombasa, pamoja na mashindano ya vikundi vya Marini na Arinoti, lilisafiri na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hadi Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baada ya mgomo wa mwaka 1935, tume ya serikali ilichunguza kama vikundi vya mbeni ndivyo vilivyosambaza habari za mgomo kutoka mgodi hadi mgodi.

Kundi maarufu la kalela la Luanshya liliundwa na vijana Wabisa kutoka eneo la ziwa Bangweulu. Walivaa suruali zilizopigwa pasi vizuri, mashati safi na viatu vinavyong'aa. Mmoja wao alikuwa “daktari” mwenye koti jeupe, na mwanamke pekee kundini alikuwa “nesi” aliyepita na kioo na leso ili wachezaji wabaki nadhifu. Nyimbo zao zilisifu nchi yao na kuwatania watu wa makabila mengine. Ni kosa kuiona kalela kama uigaji wa Wazungu tu. Vijana waliokatazwa kazi na mavazi ya heshima walijivika heshima hiyo wenyewe, mbele ya majirani zao.

Usiku mmoja kwa wiki kulikuwa na sinema ya nje. Filamu zilizopendwa zilikuwa za wachunga ng'ombe wa Marekani wenye bastola na farasi. Watazamaji walimwita shujaa Jack, awe nani awe, na kumpigia kelele za kumwonya adui anapomnyemelea.

Lakini kilichobadilisha zaidi fikra za watu kilikuwa redio. Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi na lugha nyingine, ila wasikilizaji hawakuwa na vyombo. Mwaka 1949 Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari, aliishawishi kampuni ya betri ya Ever Ready kutengeneza redio ndogo ya bei nafuu. Umbo lake la duara lilitokana na sufuria ya alumini isiyo na mkono, na ikauzwa pauni 5, bila betri. Pauni 5 zilikuwa pesa nyingi kwa kibarua, lakini redio moja ilisikilizwa na mtaa mzima. Betri ilidumu saa 300 hivi, kwa hiyo mwenye redio makini aliiwasha kwa taarifa ya habari, nyimbo na barua za salamu tu.

Sauti iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya Alick Nkhata, mtangazaji na mwanamuziki aliyekusanya nyimbo za vijijini na kuzipiga kwa gitaa. Kwa mara ya kwanza Mlozi wa magharibi na Mbemba wa kaskazini walisikia muziki wa kila mmoja, saa ileile, kutoka kituo kimoja. Serikali ililipia redio ili iwaelimishe watu kuhusu afya na kilimo. Pamoja na hayo, ikawapa hisia ya kuwa watu wa nchi moja.

Magazeti nayo yalisomwa kwa sauti barazani. Gazeti la African Mail la Lusaka lilikuwa na safu ya ushauri iliyoitwa Josephine, iliyohaririwa na Barbara Hall. Wasomaji waliandika kuhusu mahari yanayopanda, wachumba wa makabila tofauti, na ndugu waliokuja kutembea na kukaa miezi. Siasa zilipamba ukurasa wa kwanza, na ndani watu waliuliza jinsi ya kuoa na kuishi na jirani katika mji usio na wazee wa ukoo.

Kijijini

Watu wengi wa Rhodesia ya Kaskazini waliishi vijijini, na huko ukoloni ulionekana hasa kwa kukosekana kwa wanaume. Kaskazini, Wabemba walilima ulezi kwa njia ya chitemene: wanaume hupanda miti na kukata matawi, matawi hurundikwa na kuchomwa, na mbegu hupandwa kwenye majivu. Vijana wakiwa mgodini, hapakuwa na wa kupanda miti. Mashamba yakawa madogo, na miezi ya njaa kabla ya mavuno ikawa mirefu. Muhogo ulisaidia, na pia fedha zilizotumwa nyumbani, kama zilitumwa.

Palipokuwa na samaki, maisha yalikuwa afadhali. Wafanyabiashara wa Luapula walikausha samaki na kuwapeleka Ukanda wa Shaba kwa njia inayokatiza ardhi ya Kongo, na kapenta wa ziwa Tanganyika, yaani dagaa walewale wa Kigoma, waliliwa kwa nshima, yaani ugali, katika kompaundi zote. Nguo za mitumba zilitoka Kongo. Kaunda mwenyewe, kabla siasa haijamchukua kabisa, alikwenda kuzinunua huko ili kuziuza Chinsali, kaskazini mwa nchi.

Kusini, bonde la Gwembe lilipata pigo la aina nyingine. Bwawa la Kariba, lililojengwa na Shirikisho ili kupata umeme wa migodi na viwanda, lilihamisha Watonga wapatao 57,000 wa pande zote mbili za mto Zambezi. Waliacha mashamba yenye rutuba ya kingo za mto na makaburi ya wazee wao. Tarehe 10 Septemba 1958, wanakijiji wa Chisomo walipokataa kuhama, polisi walifyatua risasi na watu 8 wakafa. Umeme ulipita juu ya vichwa vya waliohamishwa kwenda kwa wengine.

Miaka ya hofu

Watu waliotawaliwa bila kuulizwa hujaza pengo kwa uvumi. Mwaka 1952, mjadala wa Shirikisho ulipopamba moto, habari zilienea kwamba sukari inayouzwa kwa Waafrika imetiwa dawa ya kuharibu mimba na kulegeza nia ya wanaume. Watu waliacha kununua sukari. Kulikuwa pia na hofu ya banyama, watu waliodaiwa kunyonya damu kwa niaba ya Wazungu, sawa na mumiani wa Afrika Mashariki. Maofisa walicheka. Hata hivyo, uvumi huo ulibeba hukumu sahihi kuhusu Shirikisho: kwamba lilibuniwa kuwanyonya.

Mwaka 1961 hofu iligeuka hasira. Chama kipya cha UNIP (United National Independence Party), chini ya Kaunda aliyekuwa amejitenga na Nkumbula, kilikuwa kimedai kura kwa wote na kujibiwa kwa katiba iliyojaa mitego. Katika vurugu zilizoitwa Chachacha, watu wa mikoa ya kaskazini na Luapula walifunga barabara kwa magogo, wakavunja madaraja na kuchoma shule. Vitupa vilitupwa motoni hadharani.

Kipindi hicho kilikuwa na upande mchungu ambao haufai kufichwa. Vijana wa UNIP walidai kadi za chama sokoni na kwenye vituo vya basi, na asiyekuwa nayo alipigwa. Wafuasi wa UNIP na wa Nkumbula walichomeana nyumba. Mabaya zaidi yalikuwa mapambano na kanisa la Lumpa la Alice Lenshina, nabii wa Chinsali aliyewaambia waumini wake wajitenge na vyama. Ugomvi wa kadi na wa vijiji ulikua mpaka majeshi yakaingizwa Julai 1964. Watu zaidi ya 700 walikufa kabla Lenshina hajajisalimisha mwezi Agosti, na maelfu ya waumini wake wakakimbilia Kongo. Uhuru ulikuwa umebakiza wiki chache.

Mwaka 1964

Shirikisho lilivunjwa tarehe 31 Desemba 1963. Januari 1964, kwa mara ya kwanza, watu wazima wote walipiga kura bila kuulizwa kipato wala elimu. UNIP ilipata viti 55 kati ya 75, na Kaunda akawa Waziri Mkuu. Suala la haki za madini lilimalizwa dakika za mwisho, kampuni ikikubali fidia ya pauni milioni 4, iliyolipwa nusu kwa nusu na serikali za Uingereza na Zambia.

Kwenye michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wanamichezo waliingia uwanjani tarehe 10 Oktoba wakiwa wa Rhodesia ya Kaskazini na kufunga michezo tarehe 24 Oktoba wakiwa wa Zambia.

Nyumbani, mambo mengi hayakugeuka kwa kasi hiyo. Watu waliendelea kutumia pauni na shilingi mpaka kwacha ilipotolewa Januari 1968. Wachimbaji waliendelea kulipwa chini ya wenzao Wazungu. Elimu ndiyo iliyokuwa jeraha kubwa kuliko yote: baada ya miaka 40 ya utawala wa Uingereza, nchi ilikuwa na Waafrika wapatao 100 tu wenye shahada, na karibu 1,200 wenye cheti cha sekondari. Kwa hiyo moja ya kazi za kwanza za serikali mpya ilikuwa kujenga chuo kikuu, na wananchi waliombwa kuchangia. Walitoa pesa, na wasiokuwa na pesa walitoa mahindi na kuku. Masomo ya Chuo Kikuu cha Zambia yalianza Lusaka Machi 1966, kwa wanafunzi 312.